Hesabu za jana na hisabati ya leo: maswali ambayo wazazi huuliza mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila kikao cha wazazi, pamoja na machache ambayo huulizwa na babu na bibi wanaokaa na wajukuu jioni wakisimamia kazi za nyumbani. Majibu ni ya mwalimu wa hisabati aliyefundisha msingi na sekondari. Yanaihusu zaidi Tanzania, na Kenya pale historia zetu zilipokwenda pamoja. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: ufundishaji wa hesabu umebadilika kila mara nchi ilipobadili mawazo kuhusu kazi atakayokuja kufanya mtoto anayekaa darasani. Ukitaka kujua kwa nini mwanao anafundishwa hivi, anza kwa kuuliza anaandaliwa kwa lipi.

Mwanangu anatoa namba kwa njia nisiyoijua. Mwalimu amekosea?

Mara nyingi hapana. Chukua 62 toa 38. Wengi wetu tuliosoma baada ya uhuru tulifundishwa hivi: mbili toa nane haiwezekani, nenda kwa sita ukope, sita inabaki tano, kumi na mbili toa nane ni nne, tano toa tatu ni mbili. Jibu 24. Hapa 62 imevunjwa ikawa 50 na 12, ingawa mwalimu wako huenda hakuwahi kukwambia hivyo. Alikwambia "kopa" na mambo yakaishia hapo.

Wapo wazee wanaofanya tofauti. Wanaongeza kumi juu, ile mbili inakuwa kumi na mbili, halafu wanaongeza moja kwenye tatu ya chini, inakuwa nne. Sita toa nne, mbili. Jibu ni lilelile 24. Siri yake ni kwamba ukiziongeza namba zote mbili kumi kumi, tofauti kati yao haibadiliki. Njia hii ilienea sana katika shule za Uingereza enzi za ukoloni, na ndiyo maana utaikuta kwa watu waliofundishwa na walimu wa zamani.

Mwanao huenda anachora mstari wa namba. Anaanzia 38, anaruka 2 kufika 40, anaruka 20 kufika 60, anaruka 2 kufika 62. Anajumlisha miruko: 24. Mzazi akiona hivyo husema mtoto anapotezewa muda. Lakini nenda dukani kwa mangi, nunua vitu vya shilingi 3,800 na utoe noti ya elfu kumi. Mangi hakopi popote. Anakuwekea mia mbili mkononi anasema "elfu nne", anakuwekea elfu moja anasema "tano", anamalizia na elfu tano anasema "kumi". Huo ndio mstari wa namba, na watu wetu wameutumia kwenye biashara tangu zamani bila kuuchora. Shule imechelewa tu kuuingiza darasani.

Kabla ya shule za wakoloni, watu wa kwetu walijifunzia wapi hesabu?

Kwenye kazi, na katika Pwani kwenye chuo cha Kurani pia. Mfanyabiashara wa Lamu, Zanzibar au Kilwa alihitaji kujua kwamba vibaba vinne ni pishi moja na kwamba frasila moja ni kama ratili 35, yaani karibu kilo 16. Kijana alijifunza kwa kukaa pembeni ya mkubwa wake sokoni au bandarini, akapima, akakosea, akasahihishwa palepale kwa sababu kosa lilikuwa na hasara.

Ila kuna eneo moja ambalo hesabu yake ilikuwa ya hali ya juu kuliko watu wanavyodhani, nalo ni mirathi. Mwanafunzi wa elimu ya fara'idhi, yaani mirathi ya Kiislamu, anafanya kazi na nusu, robo, thumni (moja ya nane), theluthi, theluthi mbili na sudusi (moja ya sita). Tuseme marehemu ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Mke ana thumni. Zinabaki thumni saba, na mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike, kwa hiyo zile thumni saba zigawanywe mafungu manne. Saba haigawanyiki kwa nne sawasawa. Mwalimu wa fara'idhi anazidisha nane kwa nne, anapata hisa 32: mke 4, mtoto wa kiume 14, kila binti 7. Jumlisha uone: 4 na 14 na 7 na 7 ni 32. Kama urithi ni shilingi 3,200,000, mke ana 400,000, kijana 1,400,000, na kila binti 700,000.

Hiyo ni kazi ya kutafuta asili moja, yaani namba ya chini, inayobeba sehemu zote, jambo linalowatoa jasho wanafunzi wa darasa la tano na la sita hadi leo. Mimi huutumia mfano huu darasani, kwa watoto wa dini zote, na sijaona mtoto aliyeuliza "hii itanisaidia nini". Kila mmoja anajua ugomvi wa urithi unavyoanza.

Babu anasema enzi ya Mwingereza hesabu zilikuwa ngumu kuliko sasa. Ni kweli?

Zilikuwa ngumu kwa namna yake. Babu alijumlisha futi 5 inchi 8 na futi 3 inchi 7, akakumbuka kwamba inchi 12 ni futi moja, akapata futi 9 inchi 3. Akatoka hapo akaingia kwenye yadi 1,760 za maili moja, wakia 16 za ratili, ratili 2,240 za tani. Kila kipimo kilikuwa na namba yake ya kubebea. Fedha peke yake ndiyo iliyokuwa rahisi, kwa sababu tangu miaka ya mwanzo ya 1920 shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na senti 100, wakati huko Uingereza kwenyewe shilingi moja ilikuwa peni 12.

Shule hiyo ilikuwa ikitengeneza makarani, wapima mazao, watunza stoo na wasimamizi wa mishahara. Kazi hizo zilidai mtu aandike vizuri, ajumlishe safu ndefu bila kukosea na asiulize maswali. Kwa hiyo ufundishaji ulikuwa wa kanuni, mfano ubaoni, kisha hesabu ishirini za aina ileile. Na mchujo ulikuwa mkali: mtihani wa darasa la nne uliwarudisha wengi nyumbani, na wa darasa la nane ukawarudisha wengine. Babu anayekumbuka hesabu zake vizuri ni mmoja wa wale waliobaki kwenye chekeche. Wale waliorudi shamba wakiwa na miaka kumi na moja hatuwasikii wakisifu zamani, na hatupaswi kuwasahau tunapolinganisha vizazi.

Vipimo vya meta na kilo vilipoingia, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, sehemu kubwa ya ugumu huo iliondoka. Hilo halikuwa kushusha viwango. Muda wa darasani uliokuwa ukiliwa na inchi na wakia ulipatikana kwa mambo mengine.

Baba yangu alisoma kitu kinaitwa "hesabu za Entebbe". Zilikuwa nini?

Hadithi hii ndiyo yenye mafunzo kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Mwezi Oktoba 1957 Urusi ya Kisovieti ilirusha setilaiti ya Sputnik angani. Marekani ikashtuka, ikaanza kuandika upya hisabati na sayansi za shule zake. Mwaka 1958 likaundwa kundi lililoongozwa na Edward Begle kuandika vitabu vipya vya hisabati. Ulaya nako wanahisabati walikuwa wakidai mageuzi, wakitaka mtoto afundishwe muundo wa hisabati tangu mwanzo: seti, mahusiano, kanuni za kujumlisha na kuzidisha, badala ya mapishi ya kupata majibu. Uingereza ikaanzisha mradi wake mwaka 1961.

Nchi za Afrika zilikuwa zinapata uhuru miaka hiyohiyo na zilitaka elimu isiyonuka ukarani. Mwaka 1962 walimu na wanahisabati kutoka nchi za Afrika, Marekani na Uingereza walikusanyika Entebbe, Uganda, kando ya Ziwa Victoria, wakaanza kuandika vitabu vya hisabati kwa ajili ya shule za Afrika, kwa msaada wa shirika la elimu lililokuwa Massachusetts. Kazi iliendelea kwa miaka kadhaa na vikatoka vitabu vingi, vya wanafunzi na vya walimu. Vikatumika kwa viwango tofauti Uganda, Kenya, Tanzania na nchi nyingine zilizotawaliwa na Mwingereza. Sambamba navyo vikaja vitabu vya sekondari vilivyotokana na ule mradi wa Uingereza, vikarekebishwa kwa Afrika Mashariki.

Ndani yake mtoto alikutana na seti ya watoto wanaokunywa chai na seti ya wanaokula maandazi, akachora duara mbili zinazoingiliana. Alijifunza kuandika namba kwa vizio vingine: kwenye kizio cha tano, 23 maana yake ni tano mbili na tatu, yaani kumi na tatu zetu za kawaida. Alijifunza kwamba 4 + 7 ni sawa na 7 + 4, na kwamba jambo hilo lina jina.

Wazo lilikuwa zuri, nalisema hilo bila kusita. Mtoto anayeelewa kizio cha tano anaelewa kwa nini tunakopa kumi na si namba nyingine. Kilichokosekana ni mwalimu. Vitabu viliandikwa na watu waliojua kilichomo. Vikafika kwa mwalimu wa Sumbawanga au Kisii ambaye mwenyewe alifundishwa hesabu za karani, akapewa semina fupi, akarudi darasani kufundisha asichokiamini. Akafanya alichokijua: akawakaririsha watoto maana ya seti kama alivyokaririshwa yeye tebo. Na kwa upande wa Tanzania, mwaka 1967 lugha ya kufundishia shule zote za msingi ikawa Kiswahili, wakati vitabu vyenyewe vilizaliwa kwa Kiingereza.

Kwa nini ziliachwa, na kimebaki nini?

Malalamiko yalikuwa yaleyale kila nchi, Marekani ikiwemo: mtoto anajua alama ya muungano wa seti lakini hawezi kujumlisha bei za sokoni. Mwaka 1981 serikali ya Kenya iliamuru hisabati hiyo ya kisasa iondolewe shuleni.

Lakini fungua muhtasari wa sekondari ya Tanzania. Seti zipo. Vekta zipo, matriksi zipo, mageuzo ya kijometri yapo, na kuna ule mpango wa mstari ambapo mwanafunzi anatafuta faida kubwa kwa kuchora grafu za mipaka. Karibu vyote hivyo viliingia na wimbi lile. Baba yako hakupoteza muda wake.

Elimu ya Kujitegemea ilibadili nini kwenye hesabu?

Ilibadili mafumbo. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake akisema elimu ya msingi ijitosheleze, isiwe chumba cha kusubiria sekondari, kwa sababu watoto wengi wataishi kijijini. Hesabu za mafumbo zikahamia shambani na kwenye duka la ushirika: magunia ya kahawa, bei ya pamba kwa kilo, ekari ngapi zimepaliliwa na watu wangapi kwa siku ngapi. Utunzaji wa daftari la fedha ukapewa uzito.

Kisha Novemba 1974 likatoka Azimio la Musoma, watoto wote waandikishwe shule ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, na vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kufundishwa ualimu hukohuko vijijini huku wakifundisha. Hao ndio tuliowaita walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote. Wamesemwa vibaya sana. Mimi nafundisha leo kwa sababu mmoja wao alinionyesha kwamba namba yoyote ambayo jumla ya tarakimu zake inagawanyika kwa tatu, yenyewe pia inagawanyika kwa tatu, akatuachia kipindi kizima tujaribu kumshinda kwa namba kubwa kubwa.

Hata hivyo darasa la watoto tisini linaamua lenyewe namna litakavyofundishwa. Huwezi kumsikiliza kila mtoto akieleza alivyofikiri. Unaweza kuwaimbisha tebo wote kwa pamoja. Wimbi hilo lilirudi ada zilipofutwa, Tanzania kwenye Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) kuanzia 2002 na Kenya Januari 2003. Mitaala mipya ikaja ikisema mwanafunzi awe kitovu cha somo, na mwalimu akaisoma akiwa amesimama mbele ya madawati yanayokaa watoto wanne wanne.

Bado ni lazima mtoto akariri tebo?

Ndiyo. Na walimu wa mbinu mpya wanaosema sivyo nakataa kukubaliana nao.

Mtoto anayesimama kutafuta saba mara nane katikati ya hesabu ya sehemu anapoteza uzi wa hesabu yenyewe. Tebo ziwe mdomoni ili akili ibaki kwa kazi ngumu zaidi. Nisichokubali ni kukariri peke yake. Mtoto aliyesahau 7 × 8 aweze kuijenga: saba mara nne ni 28, mara mbili yake ni 56. Wa zamani aliyesahau alisubiri kiboko.

Wengi huuliza kwa nini tebo nyuma ya madaftari zinaishia 12. Ni urithi wa inchi 12, dazeni na zile peni 12. Kwa matumizi ya leo kumi zinatosha, lakini kumi na mbili haimdhuru mtu, na saa ina masaa kumi na mawili.

Tulipigwa kwa kukosa hesabu na tumefaulu. Kwa nini sasa mnaogopa fimbo?

Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania kanuni zinairuhusu kwa masharti: mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi, viboko visivyozidi vinne, na iandikwe kitabuni. Hakuna mahali kanuni inaposema mtoto achapwe kwa kukosa 9 × 6.

Kwa upande wa hesabu zenyewe, nimeona kinachotokea. Mtoto anayeogopa hajaribu. Anaacha wazi au ananakili kwa jirani, na mwalimu hapati kuona kosa liko wapi. Kosa la mtoto ndiyo taarifa pekee ninayokuwa nayo kuhusu anachofikiri. Nikilifanya liwe la kuficha, nimejifunga macho mwenyewe. Watu wazima wanaosema "mimi na hesabu mbalimbali" mara nyingi hawakushindwa na hesabu. Walishindwa kusimama asubuhi mlangoni mwa darasa wakisubiri kuulizwa tebo.

MAGAZIJUTO inatoa majibu mawili. Lipi ni sahihi?

Swali hili limewahi kugombanisha watu kwenye makundi ya WhatsApp, kwa hiyo nitalijibu kwa kina.

MAGAZIJUTO ni kifupi tulichokariri: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Sasa fanya 10 − 4 + 3. Ukiifuata neno kwa neno utajumlisha kwanza: 4 na 3 ni 7, kumi toa saba ni 3. Jibu sahihi ni 9.

Kifupi kile kinaficha jambo moja. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, na kuzidisha na kugawanya vina cheo kimoja. Vikiwa na cheo sawa, unakwenda kutoka kushoto kuelekea kulia. Kumi toa nne ni sita, ongeza tatu ni tisa. Vivyo hivyo 24 ÷ 6 × 2 ni 8. Ukitaka kumshawishi mbishi, mwambie awe na elfu kumi, alipe nauli elfu nne, kisha rafiki ampe elfu tatu. Ana elfu ngapi mfukoni?

Mwalimu wako huenda alilijua hilo na akalisema mara moja, lakini kilichoimbwa ndicho kilichobaki. Kifupi kizuri kinadumu miaka hamsini kichwani na sharti lake linasahaulika ndani ya wiki.

Maswali ya kuchagua na kusiliba yameharibu hesabu?

Yamepunguza kitu, ndiyo. Kenya mtihani wa kumaliza msingi, KCPE, uliodumu kutoka 1985 hadi 2023, ulikuwa na maswali 50 ya hisabati, yote ya kuchagua. Tanzania nako darasa la saba walifika mahali pa kusiliba herufi kwenye fomu ili mashine isahihishe. Baadaye maswali machache ya kuandika majibu yakarejeshwa. Faida ya mashine ni haraka na haki, maana haimjui mtoto wa mtu.

Hasara yake inaonekana kidato cha kwanza. Mpe mwanafunzi aliyefaulu vizuri hesabu ya 3x + 5 = 20, atakwambia x ni 5 kabla hujamaliza kuandika. Mwambie aonyeshe njia, anaduwaa. Alizoea kuchukua kila jibu lililopo na kulijaribu mpaka moja likubali. Ni ujanja mzuri wa mtihani, lakini hakuna anayekupangia majibu unapokadiria mabati ya paa.

Kwa nini kalkuleta haziruhusiwi wakati kila simu inayo?

Inategemea nchi na ngazi. Kidato cha nne Tanzania, kwa miaka mingi mtihani wa hisabati haukuruhusu kalkuleta. Mwanafunzi alitumia majedwali ya baraza la mitihani. Kidato cha sita zinaruhusiwa zile zisizopangiwa programu. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, inaziruhusu, pamoja na majedwali, isipokuwa pale swali linapokataza.

Msimamo wangu uko katikati. Kumfundisha kijana kuzidisha kwa logi katika mwaka huu, kwa lengo la kupata jibu tu, ni kumtesa. Logi ibaki kwa sababu inaeleza mambo yanayokua kwa kuzidishana, kama riba na idadi ya watu. Lakini kwa msingi, kalkuleta ingoje. Mtoto asiyejua kwamba 49 × 21 ni karibu elfu moja hatashtuka kidole kikiteleza kwenye simu na kumpa elfu kumi.

Kwa nini wanafunzi wazuri wa msingi wanaanguka sekondari?

Kwa Tanzania jibu la kwanza ni lugha. Kwa miaka saba mtoto amejua kipenyo, mzingo, asili, kigawe kidogo cha shirika, namba tasa. Anaingia kidato cha kwanza na vyote hivyo vinabadilishwa majina kwa Kiingereza, wakati huohuo aljebra inaingia kwa kasi. Mwenye fumbo la umri wa Asha na mama yake hashindwi na mlinganyo. Ameshindwa kujua nani ana umri gani, maana sentensi yenyewe hakuielewa. Nimejaribu mara nyingi kumsomea mwanafunzi wa namna hiyo fumbo lilelile kwa Kiswahili, akalimaliza akiwa amesimama.

Kwa miaka kadhaa hadi 2022 waliofaulu hisabati kidato cha nne walikuwa karibu asilimia 20 tu ya watahiniwa. Watu hulaumu mbinu za kufundisha. Zilaumiwe, lakini zisilaumiwe peke yake. Walimu wa hisabati ni wachache, na mtoto ambaye hakuelewa sehemu darasa la tano atazibeba hadi kidato cha nne bila mtu kurudi nyuma kumsaidia.

Darasa la kwanza wanacheza na visoda na vijiti. Hiyo ni hesabu?

Ni hesabu kamili. Mtoto afunge vijiti kumi kwa mpira, aone kifungu kimoja na vijiti vitatu ni 13, afungue kifungu anapohitaji kutoa. Siku utakapomwambia "kopa kumi" atakuwa ameshaifungua kwa mikono yake. Mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa darasa la kwanza na la pili, ulioanza 2015, uliweka nguvu hapo, na ulifanya vema. Kenya nako, kupitia SMASSE, mradi wa kuimarisha hisabati na sayansi sekondari ulioanza 1998 kwa msaada wa Japani, walimu wa sekondari walihimizwa kutumia vifaa vya kujitengenezea na kumwachia mwanafunzi atende kwanza. Visoda haviombi bajeti.

Tunaishi Uingereza na mtoto anazidisha kwa masanduku. Nimwachie?

Mwachie. 23 × 14 anaivunja: 20 na 3 upande mmoja, 10 na 4 upande wa pili, anapata masanduku manne: 200, 80, 30 na 12. Jumla 322. Fanya kwa njia yako ya kupanga chini kwa chini: 92 mstari wa kwanza, 230 wa pili, jumla 322. Tazama vizuri: 92 yako ni 80 na 12 zake, na 230 yako ni 200 na 30 zake. Shule nyingi huko pia hutumia michoro ya vibao iliyokuzwa Singapore tangu miaka ya 1980. Asha na Juma wana shilingi 9,000, Asha ana mara mbili ya Juma: chora kibao kimoja cha Juma, viwili vya Asha, vitatu kwa 9,000, kila kimoja 3,000. Hiyo ni aljebra kabla ya x.

Kosa ni kumwambia "acha upuuzi, fanya hivi". Mwonyeshe yako baada ya yeye kukuonyesha yake.

Watoto wa zamani walijua zaidi?

Wachache waliochujwa walikuwa wepesi wa kichwa kuliko wengi wa leo. Watoto wengi zaidi leo wanakutana na takwimu, uwezekano na grafu, vitu ambavyo babu hakuviona. Mtaala wa Tanzania ulioanza kutumika Januari 2024 umerudi tena kwenye swali la mtoto kuandaliwa kwa kazi na amali. Tuupe muda, na tudai walimu.

Mimi hesabu zilinishinda. Nimsaidieje mtoto?

Mwombe akueleze, usimpe jibu. Muulize "umejuaje?" hata alipopata, maana ukiuliza alipokosa tu ataona ni kesi. Mpe mahesabu ya nyumbani ya kweli: chenji, nauli ya watu wanne, unga utakaotosha wiki. Na kama unataka kujikumbusha mwenyewe, vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka kwenye maktaba mtandao yao. Usianze na cha kidato. Chukua hisabati ya msingi, fungua mada ya sehemu, ufanye maswali yote kwa kalamu kabla ya kumwita mtoto mkae pamoja.